Misukule Waliotembea Kama Dada

Nilipokuaga juma lililopita, msomaji wangu mvumilivu, nilikuwa naringa. Baada ya mikosi yote niliyokwisha kukusimulia, ya kuhitimu na kuzunguka na vyeti kama muuza mitumba, ya kutolewa chumba cha kupanga na godoro kichwani, hatimaye mlango ulikuwa umefunguka. Bosi alikubali wazo langu. Kesho yake asubuhi lingeanza kutumika.

Leo nakueleza ya hiyo kesho yake. Ukimaliza kusoma utasema afadhali ningebaki na vyeti vyangu barabarani.

Kama ndiyo kwanza unanisoma, usihangaike, nitakushika mkono. Nafanya kazi katika kampuni ndogo yenye mchezo wa mtandaoni uitwao Nchi ya Chumvi. Watu huingia kwa simu au kompyuta, kila mtu na mhusika wake. Wanachimba chumvi ufukweni, wanaiuza sokoni, wanajenga mitaa, wanaposana, wanasutana. Ni dunia kamili, ila haina mvua ya kulowanisha nguo.

Adui wetu ni programu zinazocheza badala ya mtu. Mwenyewe yuko kwenye shughuli zake, mhusika wake anachimba. Hachoki, hasalimii, haombi hata maji. Wachezaji waliwapa jina linalowafaa: misukule, kama wale wafu wanaosemekana kulimishwa mashamba ya watu usiku.

Misukule walijaa ufukweni hadi mtu wa kweli akifika anakuta mashimo matupu. Watu wakaanza kuhama. Bosi akatuambia bila kupepesa macho kwamba wakiendelea kuhama, atafunga ofisi na kila mmoja arudi kwao.

Ndipo nikatoa wazo langu. Nilisema tusiwafukuze misukule, maana ukimtoa mmoja kwa mlango wanarudi kundi kwa dirisha. Tuubadilishe mchezo wenyewe. Chumvi isikae mahali pamoja, ihame na upepo. Na ardhi ipewe akili: anayechimba kama mtu apate chumvi, anayechimba kama mashine apate tope.

"Ardhi itamjuaje mtu?" Bosi aliuliza.

"Tuionyeshe mtu mmoja wa kweli. Tuchukue mwendo wake wa miezi mingi, namna anavyochimba, anavyosita, anavyokosea. Huo uwe kipimo cha watu wote."

"Mtu gani?"

"Dada yangu. Ndiye Mwenyeji."

Hakuna mchezaji asiyemjua Mwenyeji. Ndiye anayepokea wageni kwenye geti la mtaa, anawaonyesha pa kuchimba, anawapa beleshi la kuanzia. Ofisi nzima ilimheshimu. Ila hawakujua kwamba nyuma ya jina hilo yuko dada yangu, fundi cherehani, aliyenilea tangu mama alipotuacha.

"Una hakika ni yeye?" Bosi akauliza tena.

"Namwapia."

Huo ndio mdomo ulioniponza.

Tulifungua mabadiliko asubuhi. Ofisi yetu ni chumba kimoja kirefu juu ya duka la vipuri, meza zimebanana, feni inazunguka kwa kulalamika. Mchoraji, ambaye mkono wake ndio uliochora kila jiwe la nchi ile, alinipiga bega.

"Profesa!" Hilo ndilo jina walilonibandika siku niliyoripoti kazini na vyeti ndani ya bahasha ya plastiki. "Leo misukule watajuta kuzaliwa."

"Hawakuzaliwa."

"Basi watajuta na hilo."

Simu yake ikaita. Alikuwa mama yake, mchezaji wetu mwaminifu asiyekosa hata siku moja. Mchoraji akaiweka kwenye spika ili tusikie pongezi.

"Mwanangu, mmeniroga?"

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Nachimba, tope. Nasogea pembeni, tope. Namtazama jirani yangu ili anisaidie, naye amejaa tope hadi kwenye kope. Nimewakosea nini?"

"Labda unachimba haraka mno, mama."

"Haraka? Kwa magoti haya?"

"Mama, kwenye mchezo magoti hayaumi."

"Yangu yanauma mpaka huko."

Tukacheka. Sikumbuki kama nimecheka tena tangu hapo.

Maana simu haijakatika vizuri, malalamiko yakaanza kumiminika. Tope. Tope. Kuna aliyeandika kwamba amechimba na mchumba wake tangu alfajiri na sasa wamegombana, kila mmoja anadhani mwenzake ana mkosi. Kuna aliyeuliza kama tumeuza chumvi yote. Kuna aliyeaga tu: "Kwaherini. Ardhi imenikataa."

Bosi akatoka mezani kwake. Ni mwanamke wa maneno machache, miwani daima iko juu ya paji la uso, na ikishuka machoni ujue mambo si mazuri.

"Kama watu wanapata tope," alisema, "chumvi anapata nani? Nifungulieni ufukwe."

Nikafungua.

Ufukwe ulikuwa umejaa. Hapakuwa na jina hata moja la mtu. Majina yote yalikuwa yale ya misukule, herufi zilizomwagwa ovyo kama punje za mchele sakafuni. Na kila mmoja alikuwa na kikapu kinachofurika chumvi nyeupe.

"Tazameni wanavyochimba," Mchoraji akanong'ona.

Misukule tunaowajua huchimba kama pampu. Hawa hawakuwa hivyo. Mmoja alipiga beleshi, akapiga tena, akasimama. Akarudi nyuma hatua moja. Akageuza uso kwenye maji, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu jikoni. Kisha akarudi kuchimba.

Wa pili naye akafanya hivyo. Kisha mwingine kule mbali. Hawakufanya kwa pamoja. Kila mmoja kwa wakati wake, taratibu, ufukwe mzima, wakirudi nyuma na kutazama maji.

Mwendo ule niliujua. Nilikuwa nimeutazama miaka yote ya chuo, jioni baada ya jioni, nikiwa mbali na nyumbani, na nilikuwa nimeupenda.

"Huo ni mwendo wa nani, Profesa?" Bosi akauliza. Miwani ilikuwa imeshashuka.

"Wa dada yangu."

"Basi moja kati ya mawili. Ama misukule wamejifunza kwa dada yako, ama dada yako ni msukule."

"Dada yangu ni mtu!"

"Mlete. Leo hii, kabla hatujafunga. Akae kwenye kile kiti, achimbe kwa mikono yake mbele ya macho yetu. Ardhi ikimpa chumvi, tutatafuta kosa kwingine na nitakuomba radhi. Ikimpa tope, wewe kazi huna, Mwenyeji anafutwa, na watu wote nitawatangazia ni nani aliyewaibia ardhi yao. Kwa jina lake na mtaa wake."

Dada yangu anaishi kwa jina lake. Wateja wanamwachia vitambaa bila kumwandikisha popote, kwa sababu ni yeye. Nilishuka ngazi mbiombio kwenda kumtafuta.

Nilimkuta kwenye kibanda chake cha ushonaji, pini zimejaa mdomoni, mikono yote miwili chini ya sindano, mguu kwenye pedali. Sare za shule zimerundikana hadi dirishani. Aliponiona hakushangaa. Alinisukumia ncha ya kitambaa kwa kiwiko.

"Shika hapo," alisema kati ya pini. "Uvute kidogo. Usivute kama unapigana."

Nikashika. Kabla sijafungua kinywa, simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa kwa mkono mmoja.

Ulikuwa ujumbe kutoka ndani ya mchezo. Kutoka kwa Mwenyeji.

*Mdogo wangu, pole na ya leo. Usiogope. Ardhi ikikasirika hupoa.*

Nilimtazama dada. Mikono yake ilikuwa palepale, chini ya sindano. Simu yake ilikuwa juu ya kabati, imechomekwa kwenye chaji, imefunikwa na vipande vya khanga.

"Dada, umeniandikia sasa hivi?"

"Kwa mguu?"

"Nimepata ujumbe wako. Kwenye mchezo."

Akatema pini kiganjani. "Mchezo gani? Ule wa chumvi? Si nilishauacha siku nyingi."

Kitambaa kikaniponyoka.

"Uliuacha lini?"

"Uliporudi kutoka chuoni. Mimi nilikuwa naingia mle ili nikuone wewe, mdogo wangu. Ulikuwa huna nauli ya kuja, mimi sina nafasi ya kukufuata. Uliporudi, nikutafute kwenye kioo kwa nini, na wewe uko hapa unanikunjia kitambaa vibaya?"

"Sasa ni nani anayeongea nami kila jioni?"

"Shemeji yako. Nilimwachia mchezo na neno langu la siri, nikamwambia awe anawasalimia watu wangu wasione nimewatupa. Kwani hakukwambia?"

Nikashusha pumzi. Shemeji! Basi walau ni mtu. Ana mikono, ana moyo, anaweza kukaa kwenye kiti cha Bosi na kuchimba. Nilitaka kucheka.

Kicheko kikagoma njiani.

Hapa, msomaji wangu, lazima nikuambie jambo ambalo sikumwambia Bosi, na ambalo juma lililopita nililipitia mbali hata kwako. Wazo langu halikuwa langu lote. Jioni zile nilipokuwa nikihangaika nalo, nilikwenda kwenye geti la Mwenyeji kama nilivyozoea, nikamweleza dada yangu kila kitu. Chumvi itahama vipi. Ardhi itapewa akili gani. Nikamwambia nimekwama, sijui nitumie mwendo wa nani uwe kipimo.

Naye akaniandikia: *Tumia wangu. Kwani unamjua mtu gani kuliko mimi?*

Nililia kwa furaha siku ile. Nilipokuwa namtembelea dada ana kwa ana hakutaja neno, nami nikadhani anaificha siri yangu mbele ya wateja.

"Twende kwa shemeji," nikamwambia dada. "Sasa hivi. Acha sare."

"Sare haziachwi."

"Dada, nitapoteza kazi. Na wewe utatangazwa mwizi."

Akazima cherehani.

Shemeji ni kinyozi. Tulimkuta amesimama nyuma ya mteja, mashine ya kunyolea kwenye mkono mmoja na kitana kwenye mwingine, nusu ya kichwa ikiwa imeshang'aa na nusu bado ni msitu.

"Karibuni, karibuni! Leo mmekuja wawili wawili kama posa."

"Shemeji, wewe ndiye Mwenyeji?"

"Mwenyeji wa nini?"

"Kwenye mchezo wa chumvi."

Akacheka. "Aa, huo ni wa dada yako. Mimi macho yalikuwa yananiuma, nikamrudishia muda mrefu tu."

"Hukunirudishia," dada akasema.

"Nilikurudishia, mke wangu. Ulikuwa na wateja. Nilikwambia shika mchezo wako, ukaitikia kwa kichwa."

"Mimi nikiwa na pini mdomoni huitikia kila kitu kwa kichwa!"

"Basi ukaitikia na hilo."

"Kwa hiyo muda wote huu ulidhani nacheza mimi?"

"Na wewe ulidhani nacheza mimi?"

Wakatazamana. Mashine ya kunyolea ilikuwa bado inanguruma hewani.

Nikafungua mchezo kwenye simu yangu, nikaiweka mbele yao. Mwenyeji alikuwa ufukweni. Alipiga beleshi, akapiga tena, akasimama. Akarudi nyuma hatua moja. Akatazama maji.

Mikono ya shemeji ilikuwa na mashine na kitana. Mikono ya dada ilikuwa kichwani.

Mteja akageuza shingo akaichungulia simu. "Sasa huyu anachezwa na nani?"

Akangoja kidogo, kisha akasema kwa upole, "Jamani, sitaki kuingilia ya nyumba ya watu, lakini naomba mnimalizie na huu upande."

Shemeji alimmalizia haraka haraka. Kisha akavua kile kitambaa kikubwa wanachomfunga mteja shingoni, akakitupia begani.

"Nakuja nanyi. Mke wangu hawezi kwenda kuhojiwa peke yake kama hana mwenyewe."

Dada alimshukuru kwa macho. Mimi pia, sikufichi. Nilisema moyoni: huyu ndiye mume.

Ofisini walikuwa wakitungoja. Bosi ana adabu zake. Alimpa dada mkono, akamkaribisha kiti, akamwagiza Mchoraji alete chai. Shemeji akachukua kigoda ukutani, nyuma yetu, akakikunjua kile kitambaa chake cha kinyozi mapajani.

"Dada," Bosi akasema, "usiwe na wasiwasi. Ingia kwenye mchezo kwa neno lako la siri, uchimbe chumvi kama unavyochimba siku zote."

"Siku zote zenyewe zilikwisha zamani, mama. Lakini nitajaribu."

Akaandika neno la siri. Mwenyeji akatokea kwenye skrini kubwa, amesimama ufukweni.

Inabidi nikueleze kwamba mchezo wetu unaruhusu akaunti moja ifunguliwe sehemu mbili kwa pamoja, ili mtu aanzie kwenye simu amalizie kwenye kompyuta. Tuliliona jambo la wema. Hakuna aliyewahi kuwaza ubaya wake.

Dada akaanza kuchimba. Vidole vile vinavyopitisha uzi kwenye sindano bila kuangalia, leo vilitangatanga juu ya vitufe kama kuku wageni. Akapiga beleshi.

Tope.

"Ngoja, nimekosea." Akasogea, akapiga tena.

Tope.

"Jamani, mtaniona mzembe." Akacheka peke yake. Akajaribu tena, na tena. Kikapu kikajaa uchafu mweusi hadi ukingoni.

"Hata mama yangu," Mchoraji akasema taratibu, "yamemkuta hayohayo."

Alitaka kumfariji. Lakini niliona Bosi akinitazama, na nikajua anachofikiri. Kipimo kilikuwa cha Mwenyeji. Mwenyeji wa kweli amekaa mbele yetu, na ardhi haimtambui.

"Inatosha," Bosi akasema.

Dada akainua mikono yote miwili kutoka kwenye vitufe.

Mwenyeji hakusimama.

Alitembea mwenyewe. Akafika penye mchanga mkavu, akapiga beleshi, akapiga tena. Akarudi nyuma hatua moja. Akatazama maji. Kikapu kikajaa chumvi, nyeupe, hadi ikamwagika.

Dada alirudisha mikono kifuani kama mtu aliyeungua. "Siyo mimi," alisema. "Mnaona? Sijagusa. Siyo mimi."

"Tunaona," Bosi akajibu.

Akaenda kwenye kompyuta yake, akafungua akaunti ya wenye mchezo, ile yenye uwezo wa kufuta, akamwandikia Mwenyeji. Maneno yakatokea kwenye skrini kubwa sote tukasoma: *Wewe uliye ndani ya akaunti hii, nakufuta sasa. Kama ni mtu, thibitisha.*

Mwenyeji akaacha kuchimba. Akasimama na beleshi lake, uso umetugeukia.

Feni ililalamika. Kisha jibu likaja.

*Mimi ni mtu.*

"Hata mashine yaweza kuandika hivyo," Bosi akasema kwa sauti, bila kumwandikia. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufuta.

Herufi zikaja mbio, zikikanyagana.

*Ngoja. Dada hjagusa chai yake. Inapoa. Mpeni anywe, hajala kitu leo.*

Sote tukaitazama meza. Kikombe cha dada kilikuwa palepale Mchoraji alipokiweka, kimejaa, utando umeanza kuganda juu.

Bosi akakiondoa kidole kwenye kitufe. Akainuka polepole, akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo.

"Alitaka kutuonyesha kwamba ni mtu," alisema. "Ametuonyesha kwamba yumo humu. Mikono mezani. Kila mmoja."

Mchoraji akaweka yake, ina wino hadi kwenye viwiko. Mimi nikaweka yangu. Bosi mwenyewe akaweka yake, ili tusiseme. Dada akaweka yake.

Niligeuka. Shemeji alikuwa bado kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa chini ya kile kitambaa.

"Shemeji," nikasema. "Mikono."

"Yangu ina mafuta ya nywele. Nitawachafulia meza."

Alisema kwa tabasamu. Lakini jasho lilikuwa linamshuka kwenye masikio, na feni ilikuwa inampiga usoni.

Dada alimgeukia. Alimtazama vile anavyokitazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akipima kama bado kinaweza kuokolewa. Akainuka, akamwendea. Akapenyeza mkono chini ya kitambaa na kuutoa na simu.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Niliiona. Uso wa Mwenyeji ulikuwa kwenye kioo, pembeni orodha ya misukule walionakili mwendo wake, na chini maneno ya chai, na chini ya hayo ujumbe mwingine ambao ulikuwa bado haujatumwa. *Mdogo wangu, usiwaambie kwamba*

Uliishia hapo.

Jioni ngapi nilimlilia huyu mtu? Nilimwambia mambo ambayo sijamwambia hata Mungu kwa sauti.

Dada naye alisoma. Nilimwona midomo ikicheza. Kisha akabonyeza ubavuni, kioo kikawa cheusi, akaitumbukiza simu kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

"Ni mimi," akamwambia Bosi.

"Wewe ndiye nini?"

"Mwenyeji ni mimi. Na hao misukule ni wangu. Nimeweka mtambo unichezee, nimeuza chumvi, nimewaibia watu wenu. Mume wangu nilimtuma aandike tu, ndoa ni kusaidiana. Mdogo wangu hajui lolote. Nifuteni mimi, mtangaze jina langu, yeye mwacheni na kazi yake."

"Dada, usi..."

"Nyamaza. Wakubwa wanaongea."

Mchoraji aliinamisha kichwa. Bosi alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Hakuwa mjinga, alikuwa amemwona dada akihangaika na vitufe. Lakini alikuwa na watu wanaongoja jibu huko nje, na sasa jibu limejileta lenyewe, limekaa mbele yake na mkoba mapajani.

"Profesa," akaniita. "Wewe ulikuwa karibu. Umeona kilichokuwa kwenye hiyo simu. Dada yako anasema kweli?"

Dada hakunitazama. Alikuwa anatazama ukuta, shingo imenyooka, kama siku ile aliponipeleka chuoni na hakutaka nimwone akilia.

Nilimgeukia shemeji. Nilitaka aseme yeye. Neno moja tu lingetosha, kutoka kwa mtu ambaye mkewe anaungua badala yake.

Shemeji aliinuka kwenye kigoda. Akakikunja kitambaa chake vizuri, ncha kwa ncha, akakiweka begani. Akasogea mezani, akachukua kikombe cha dada, akakipuliza ingawa kilikuwa kimeshapoa, akanywa chai ileile aliyoandika kwamba apewe mkewe.